Kopo la Vikaratasi

Tuanze na kopo, maana bila kopo hakuna cha kusimulia. Lilikuwa kopo la biskuti, la duara, jekundu lililochubuka ukingoni, na lilikaa juu ya friji miaka sita bila kuhamishwa. Ubavuni lilibandikwa karatasi yenye mwandiko mzuri uliolala kidogo upande wa kulia: MANENO YA MTUNZI. ASIGUSE MTU. Cha kuchekesha ni kwamba nyumba hiyo ilikuwa na watu wawili tu, na huyo mmoja aliyekatazwa kugusa ndiye aliyeliandika onyo na kulibandika.

Watu hao walikuwa mtu na dada yake. Mdogo alitunga michezo ya redio, na mtaa mzima ulimwita Mtunzi, hata wale ambao redio zao zilikufa zamani. Mkubwa, aliyemzidi miaka minne, alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na sita. Kiwandani walimwita Bi Stoo, na siku aliyostaafu jina likatoka naye getini.

Alikuja kwa mdogo wake kukaa wiki mbili tu. Alikuwa mjane, watoto hakujaliwa, na Mtunzi naye alishaachana na mumewe zamani, bila vita na bila mtoto. Alichokikuta humo ndani, jamani, ni aibu kukisema mbele za watu. Pasi ilikuwa kwenye rafu ya vitabu. Vitabu vilikuwa ndani ya oveni. Soksi moja, safi kabisa, ilikuwa imetiwa kwenye kamusi kuonyesha ukurasa, na sahani yenye mkate ulioota ukungu ilikalia skripti iliyotafutwa mwezi mzima. Mtunzi alijitetea kwamba mtu anayetunga hana nafasi kichwani ya mambo ya sahani. Bi Stoo alimjibu kwamba sahani haziwekwi kichwani, zinawekwa kabatini, kisha akauliza ufagio uko wapi. Hakuna aliyejua.

Wiki mbili zikawa miaka sita. Kila kitu kilipata mahali pake, na kila mahali pakapata karatasi yake: SUKARI. CHUMVI. NYUZI NYEUPE. NYUZI NYEUSI. BETRI NZIMA. BETRI ZINAZOJIFANYA NZIMA. Kulikuwa hata na sanduku lililoandikwa NYAYA TUSIZOJUA NI ZA NINI, na wageni walikuwa wakilisoma wakicheka. Bi Stoo hakucheka. Alisema stoo isiyokiri isichokijua ni stoo ya mwizi.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni vile vikaratasi. Mtunzi hakuwa mtu wa kuandika akiwa amekaa. Maneno yalimjia akipiga mswaki, akimenya viazi, akifunga viatu, naye aliyaandika kwenye chochote kilichokuwa karibu: risiti, ukingo wa gazeti, kipande cha kalenda. Sentensi mbili, tatu, maneno ya mtu fulani kwenye mchezo, kisha karatasi inaachwa hapo hapo, na akitoka hapo ameshasahau kama aliandika. Mtu mwingine angevifagia akavitupa. Bi Stoo aliviokota kila alipovikuta, chini ya sahani, mfukoni mwa gauni kabla ya kufua, safari moja ndani ya mchele, akavinyoosha kwa kiganja, akavitia koponi. Kila Ijumaa asubuhi Mtunzi alilimwaga kopo mezani, akavipanga na kuvipangua vile vikaratasi, na ikifika jioni mchezo wa wiki una mifupa. Alichokitumia alikichana vipande viwili akakitupa, ili kisirudi. Wenzake wa redioni walimwuliza siku zote anawezaje. Wengine wana ofisi, yeye alikuwa na dada.

Sasa kuna jambo nataka uliweke mahali, tutalihitaji. Baba yao alikuwa karani wa posta, mtu aliyeamini kwamba mwandiko mbaya ni kumtukana mpeleka barua. Aliwafundisha wote wawili kwenye meza moja, kwa rula moja, na rula hiyo ilijua njia ya vidoleni. Wakatoka na mwandiko mmoja. Herufi zimelala kulia, mkia wa "g" unaning'inia chini, nukta ya "i" imekaa pale pale. Utotoni waliandikiana kazi za shule na mwalimu asitambue. Hata ukubwani, ukiwawekea karatasi mbili mbele yao, wenyewe wangekisia tu.

Jumapili saa kumi za alasiri mchezo ulirushwa, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yao. Chai, mkate, redio katikati ya meza, mtu na kiti chake. Wahakiki wa magazeti walimsifu Mtunzi, watu walimwandikia barua, lakini mtu ambaye yeye alimvizia kwa jicho la pembeni ni dada yake. Bi Stoo hakuwa na maneno mengi. Angesema, "Huyo bwana ametia kitasa ufunguo, lakini mwanzoni ulisema ufunguo ameupoteza," na Mtunzi angejishika kichwa. Au angekaa kimya mpaka muziki wa mwisho uishe, kisha aseme, "Leo kila kitu kimekaa mahali pake." Sentensi hiyo Mtunzi aliipata labda mara tano kwa miaka sita, na aliithamini kuliko mshahara.

Basi mwaka wa sita mambo yakanoga, na ndipo yalipoharibika. Redio ikataka michezo miwili kwa wiki badala ya mmoja. Kikundi cha waigizaji wa jukwaani nacho kikaja kuomba mchezo mrefu, na Mtunzi, ambaye neno "hapana" halikuwahi kumkaa ulimini, akakubali. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu alishika tatu. Alikula amesimama. Bi Stoo akija mlangoni kwa chumba cha kazi, Mtunzi aliinua kiganja bila kugeuka, akasema, "Niandikie, Dada, nitasoma."

Dada akaandika. Gesi inakaribia kuisha. Fundi bomba atakuja Jumanne. Jirani amefiwa, nimekwenda kwa niaba yetu. Akavibandika kwenye mlango wa friji, na Mtunzi akafungua friji, akafunga friji, siku baada ya siku, asione kitu. Karatasi zilijikunja pembe zikaanguka zenyewe. Jirani alipomshukuru kwa pole zake, Mtunzi alitabasamu tu, hajui ni pole za nini.

Lakini usidhani hakuona chochote. Afadhali ningekuambia hakuona. Aliona vifuniko vya makopo havikazwi siku hizi. Aliona vikombe vya maua, ambavyo vilikuwa sita, vimebaki vitatu. Aliona nyuzi nyeusi zimelala na nyeupe, na mtungi mpya wa sukari haukuandikwa kitu, akaweka chumvi kwenye chai akaitema kwenye sinki. Asubuhi hiyo alikuwa amechelewa. Akasema, nusu mzaha, akitafuta viatu vyake, "Dada, siku hizi nyumba inakushinda?"

Bi Stoo alikuwa mezani. Aliutoa mkono wa kulia mezani akauweka mapajani, akasema atajitahidi. Mtunzi alikuja kuukumbuka mkono ule ukishuka mezani, na kila alipoukumbuka alitamani angeing'ata ile sentensi ikiwa bado kinywani.

Mkono ulikuwa umeanza miezi mingi nyuma, kwa ganzi ya vidole viwili. Bi Stoo alijikaza kisabuni, na sabuni aliijua vizuri. Ganzi ikapanda. Ikafika mahali anashika kikombe, moyo unamwambia amekishika, halafu anakisikia kikipasuka sakafuni. Alikwenda hospitali peke yake, akapigwa picha, akaambiwa mshipa wa fahamu umebanwa shingoni na inabidi apasuliwe. Akapewa siku: Alhamisi, saa tatu asubuhi, kulazwa. Na wakamwambia aje na mtu wa kwake, wa kutia sahihi na wa kukaa naye, la sivyo hawampokei.

Alijaribu kusema. Alikwenda mlangoni kwa chumba cha kazi mara mbili, kiganja kikainuka mara mbili. Basi akakaa kitandani na kipande cha kalenda, akaifunga kalamu kitambaa ili ishikike, akaandika. Yalimchukua asubuhi nzima yale maneno machache, kwa sababu hakutaka kuandika ovyo. Mtu akilelewa na karani wa posta anakuwa hivyo. Hakuweka jina la mwandikaji wala la mwandikiwa, ya nini, nyumba ina watu wawili. Na hakukibandika kwenye friji, maana mambo ya friji alishayaona. Alikiweka mahali pekee ambapo alijua mdogo wake anasoma kila neno. Alhamisi jioni, wiki moja kabla ya siku yenyewe, alifungua kopo jekundu akakilaza juu kabisa.

Ijumaa asubuhi Mtunzi alilimwaga kopo. Cha juu kikawa cha chini, kikachanganyika na vingine thelathini. Alikuwa na shida moja wiki hiyo: kwenye mchezo wake kulikuwa na shangazi, mwanamke asiyejua kuomba, na sasa ilibidi huyo shangazi aombe. Kwa wiki tatu Mtunzi alikuwa akimtafutia maneno na kila aliyoyapata yalinuka utunzi. Akawa anafunua karatasi moja moja, hii si kitu, hii si kitu, mpaka akaishika ile ya kalenda.

*Mkono wa kulia umeniacha. Nashika kitu, kumbe kimeshaanguka. Alhamisi saa tatu wananiita hospitali, na wamesema nisije peke yangu. Naogopa. Twende wote.*

Alisoma mara mbili. Hakukumbuka ameandika lini, lakini lini aliwahi kukumbuka? Mwandiko ulikuwa wake. Aliona tu kwamba huyu ndiye shangazi, mzima mzima, hana neno la ziada. Machozi yakamtoka. Nakuambia alilia, pale mezani, akijifuta kwa mkono wa gauni, akimlilia shangazi ambaye hayupo, na mwenye maneno yuko jikoni anahangaika kufungua kopo la majani ya chai kwa meno.

Akaanza kuandika na hakuinuka mpaka alasiri. Kitu kimoja tu alikibadilisha. "Alhamisi saa tatu" haikumkalia vizuri sikioni, akaweka "Jumatano saa mbili". Kisha akampa shangazi mpwa wa kike, karani wa ofisi yenye bosi mkali. Mpwa akasoma ombi la shangazi, akaacha karatasi mezani, bosi akafoka, mpwa akachukua mkoba wake akatoka. Alipomaliza, Mtunzi alikichana kile kipande cha kalenda mara mbili, akakitupa.

Jioni Bi Stoo alimwuliza kama amesoma ya kopo la leo.

"Nimesoma yote, Dada," Mtunzi akasema. "Leo kopo limeniokoa."

Bi Stoo akasema basi vizuri. Mtunzi alikumbuka baadaye kwamba jioni ile dada yake alikula vizuri, akaimba kidogo akipanguza meza. Wiki nzima iliyofuata alikuwa mchangamfu. Alidhani mdogo wake amelibeba, anapanga mambo yake kimya kimya, kama alivyo, na siku ikifika atasimama mlangoni na mkoba. Hakutaka kumsumbua kwa kuuliza mara ya pili. Mtu mzima anaulizwa mara moja.

Alhamisi ikafika. Saa mbili na robo Bi Stoo alikuwa kwenye kochi, gauni la kijani, viatu vya kufunika, mfuko wa nguo miguuni, mkoba mapajani. Nje teksi ilipiga honi. Mtunzi akatoka chumbani mbio, skripti kwapani, kalamu kwenye nywele, maana siku hiyo ndiyo walikuwa wanarekodi.

"Umependeza, Dada. Unatoka?"

Bi Stoo alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji, na Mtunzi, mkono kwenye kitasa, aliuona huo muda na hakuwa nao.

"Natoka," Bi Stoo akasema.

"Haya. Ukirudi usisahau betri za redio."

Akaenda zake. Studio walirekodi kile kipande mara moja tu. Mwigizaji wa shangazi, mama mwenye sauti nzito, alisema "Naogopa" kwa sauti ya chini sana, na fundi mitambo akavua vyombo vya masikioni akageukia ukutani. Mtayarishaji alimkumbatia Mtunzi. Alimwuliza maneno kama yale anayatoa wapi, na Mtunzi akacheka, akasema ana kopo nyumbani.

Alirudi jioni akamkuta dada yake amekaa kwenye kochi lile lile, gauni lile lile, betri mpya mezani. Aliuliza kama ametembea salama. Bi Stoo akasema salama, kichwa kinamwuma kidogo, akaenda kulala mapema. Ule mfuko wa nguo Mtunzi aliuruka kwa mguu akipita.

Jumapili saa kumi wakakaa. Redio ilikuwa na sauti safi kwa ajili ya zile betri. Bi Stoo alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mchezo ukaenda, ofisi, bosi, makelele, kisha ikaja ile sauti nzito: *Mkono wa kulia umeniacha. Nashika kitu, kumbe kimeshaanguka.* Bi Stoo alikiweka kikombe chini taratibu, hakikulia. Akasikiliza mpaka mwisho, mpwa akitupa kazi, mpwa akimshika shangazi mkono, viatu vya watu wawili vikitembea kwenye korido ya hospitali. Muziki ukapiga. Mtunzi akageuka, roho juu, akisubiri ile sentensi yake.

"Huyo mpwa aliacha kazi akaenda naye?" Bi Stoo akauliza.

"Aliacha."

"Na bosi?"

"Alimfokea. Hakujali."

Bi Stoo akatikisa kichwa polepole. "Ana bahati huyo mama," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia ufunguo na kitasa, "Ila ilikuwa Alhamisi saa tatu. Mbona umeweka Jumatano?"

Mtunzi alifungua mdomo amwambie sababu, kwamba sikioni inakaa vizuri zaidi, na mdomo ukabaki wazi. Hakuna mtu ambaye yeye aliwahi kumwambia kuhusu Alhamisi. Si mtayarishaji, si mwigizaji. Alhamisi ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi aliichana. Akaitazama meza, akautazama mkono wa kulia wa dada yake uliolala mapajani umekunja vidole, akauona kwa mara ya kwanza. Alishuka kitini akapiga magoti kwenye zulia, mwanamke wa miaka hamsini na saba.

Bi Stoo akamweleza, bila kupandisha sauti. Alifika hospitali saa tatu kasoro. Muuguzi akamwuliza mtu wake yuko wapi, akasema anakuja. Saa nne wakamwuliza tena, akasema anakuja. Saa saba wakampa mwingine kitanda, wakamwandikia siku nyingine, miezi mitatu mbele, na hakuna ya karibu zaidi ya hiyo. Akapita dukani akanunua betri.

"Kwa nini hukuniambia kwa mdomo, Dada?" Mtunzi alikuwa analia sasa. "Kwa nini hukunipigia kelele?"

"Ulisema nikuandikie," Bi Stoo akasema.

Jumatatu Mtunzi alikwenda hospitali akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Foleni ni foleni, wakamwambia, na wote waliomo wanaumwa. Miezi mitatu ikapita siku kwa siku. Alimvisha dada yake vifungo, alimkatia nyama, na alipofika kwenye mchezo wa jukwaani alikirudishia kikundi ahadi yao akawaacha wamsengenye watakavyo. Siku ya kupasuliwa alikuwa mlangoni saa kumi na mbili asubuhi na mkoba begani. Alitia sahihi. Alikaa. Alifanya yote aliyoyafanya yule mpwa wa redioni, moja baada ya jingine, akijua amechelewa.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye maneno ya upole. Alisema kazi imekwenda vizuri, maumivu yatakwisha, lakini mshipa umebanwa muda mrefu mno na nguvu za kushika huenda zisirudi. Mtunzi akamwuliza, je, wangefanya miezi mitatu nyuma? Daktari akasema huenda, haya mambo hayana uhakika. Watu husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Ya Mtunzi yalikuja na hilo neno moja, "huenda", yakakaa naye mezani, yakalala naye, na hata leo hayajaaga.

Barua nazo zikawa zinakuja. Kipindi cha shangazi kilikuwa kimewagusa watu. Mama mmoja aliandika kwamba alipokisikia alifunga duka lake siku hiyo hiyo akampeleka wifi yake kupimwa, na anamshukuru Mtunzi kwa moyo wake. Mtunzi aliisoma barua hiyo mpaka katikati, akaikunja, akaitia kwenye sanduku la nyaya.

Nyumba sasa alishika yeye, na ilimpiga chenga kila kona. Alipanga kabati Jumatatu, Jumatano haelewi mwenyewe alikuwa na maana gani. Bi Stoo alikaa kwenye kiti cha jikoni na shingo yake iliyofungwa, akielekeza kwa kidevu. Si hapo. Hapo ni pa unyevu. Vizito chini. Mtunzi alibandua karatasi za zamani zilizochakaa akaandika mpya, na mwandiko ulikuwa ule ule, mgeni asingejua kuna kilichobadilika. Ilikuwa katika kuandika CHUMVI na SUKARI ndipo alipoelewa kwamba miaka sita yote dada yake hakuwa akipanga vitu. Alikuwa akimfikiria mtu mmoja mwenye haraka, ataingia hapa hajui anatafuta nini, akahakikisha atakipata.

Aliomba msamaha mara nyingi, mpaka ikawa kero. Kila mara Bi Stoo alijibu, "Yameisha, mdogo wangu," na kila mara Mtunzi alisikia kwamba hayajaisha. Vikaratasi vilikoma. Maneno yakimjia akimenya viazi aliyaacha yapite, au alinawa mikono akaenda kukaa mezani akayaandika kwenye daftari kama watu wengine. Michezo yake ilikuwa si mibaya. Jumapili walisikiliza, na Bi Stoo alikunywa chai kwa mkono wa kushoto, na ile sentensi ya kila kitu kukaa mahali pake haikusemwa tena. Kopo lilibaki juu ya friji, tupu, na karatasi yake ubavuni.

Kulikuwa na kitu Bi Stoo alikuwa akikifanya chumbani kwake asubuhi, mlango umerudishwa. Mtunzi alidhani ni yale mazoezi ya vidole aliyopewa hospitali. Alimnunulia daftari la mistari alipoagizwa, lile la watoto wa darasa la kwanza, hakuuliza la nini.

Ijumaa moja, kama miezi minne baada ya hospitali, Mtunzi alikuwa anapanguza juu ya friji. Aliliinua kopo, na ndani kitu kikateleza. Akalifungua. Kilikuwa kipande cha kalenda kimelala chini peke yake. Herufi zilikuwa kubwa, za mtoto, zinaangukia kushoto, nyingine zimevuka mstari, mkia wa "g" umepinda kama unaumwa. Baba yao angeichukua rula. Alisoma akiwa amesimama, kitambaa cha vumbi mkononi.

*Gesi ipo. Chumvi imekwisha. Huu ndio mwandiko wangu sasa. Hutauchanganya na wako.*

Alisoma tena. Ulikuwa mzaha, mzaha wa mtu aliyewahi kuandika BETRI ZINAZOJIFANYA NZIMA, na haukuwa mzaha hata kidogo. Hakukichana. Alikitia mfukoni, akaenda mpaka mlangoni kwa chumba cha dada yake. Bi Stoo alikuwa amekaa kitandani, daftari gotini, kalamu kwenye mkono wa kushoto.

"Dada, nimesoma," Mtunzi akasema.

"Yote?"

"Yote."

"Basi kalete chumvi."

Mezani kulikuwa na skripti inayosubiriwa saa sita, na simu ilikuwa imeanza kulia. Mtunzi aliiacha ilie. Alilitoa gauni la kijani kabatini, akaviweka viatu vya kufunika karibu na kitanda, kila kimoja upande wake.

"Twende wote," akasema.

Bi Stoo alimtazama kwa muda mrefu, kama ile Alhamisi, na safari hii Mtunzi alisubiri. "Kwa ajili ya chumvi?"

"Kwa ajili ya chumvi."

Akamvisha, akamfunga vifungo, wakatoka. Kwenye ngazi Bi Stoo alimpa mkono, ule wa kulia. Mtunzi akaushika, akaukaza, maana wenyewe haukuwa ukishika tena.